KANDA ZA ARUSI ZIFUMULIWE KABLA YA KUKATWA

Msomaji wangu, leo naomba univumilie nikupe habari ya mkono wa mama yangu. Ulikuwa mkono wa kulia, umejaa mishipa, na ukucha wa kidole cha shahada haukupata kuwa mweupe hata siku moja kwa piko lililokwisha kuganda, maana mwenyewe alikuwa mpambaji wa maarusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, tangu mimi sijaanza chuo. Mwezi wa Disemba mwaka 2008 alimchora bintiyangu usiku wa kuamkia nikahi, na hiyo ndiyo ikawa arusi ya mwisho aliyoipamba. Mwaka 2011 Mwenyezi Mungu akamchukua. Picha za mnato tunazo nyingi, ameketi kitini na buibui lake kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Lakini picha inayomwonyesha akitenda ile kazi yake, mkono ukienda na kurudi, nyumbani kwetu ni moja tu, nayo imo katika kanda tatu ndogo za vidio.

Aliyezichukua kanda hizo ni binti wa kaka yangu, aliyekuja kutoka Toronto na kamera yake aina ya Canon HV20. Wakati huo kamera hiyo ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu uliopita, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba, ingawa ni ndogo na bei yake mtu wa kawaida aliweza kuimudu, ilikuwa na mpangilio wa kuifanya ichukue picha 24 kwa sekunde kama zichukuavyo kamera za sinema. Binti yule akauchagua. Alisema, "Shangazi, nataka Bibi aonekane kama mtu wa sinema." Sisi tukacheka, kazi ikaendelea.

Kanda zikapelekwa duka moja la vidio mjini zikatwe na kuungwa. Zikarudi kwa DVD yenye maua mekundu juu na jina la arusi limekosewa. Tukakusanyika ukumbini kuitazama. Maarusi alionekana vizuri alipokuwa ametulia, na ukuta ulionekana vizuri, maana ukuta hauendi popote. Lakini ulipofika mkono wa mama, ukawa ni mikono miwili: mmoja wenyewe, na mwingine mwepesi kama moshi wa udi, unaufuata nyuma. Kila mkono ulipokwenda mbio ndipo ule moshi ulipozidi. Mama mwenyewe alikuwa hai, ameketi pamoja nasi, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi, mkono unatetemeka." Wallahi mkono wake haukuwa ukitetemeka. Nasi tukanyamaza kwa kudhani kuwa vidio ndivyo zilivyo.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kuwa sivyo zilivyo, na kwamba ule moshi haukuwamo katika ukanda hata kidogo. Ulitiwa na mtambo wa dukani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kanda za namna hii zimo kabatini katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Vanga, na nyingine zimevuka bahari zimo Maskati na Dubai kwa jamaa zetu. Sasa watu wameshtuka, wanazitoa ziingizwe katika kompyuta kabla hazijaota ukungu. Ni jambo jema. Lakini zikiingizwa ovyo na kukatwa kabla ya kurejeshwa katika hesabu yake ya kweli, tutakuwa tumezitoa kabatini ili tuziharibu. Na mtu akiisha kuamini kuwa amehifadhi, huutupa ule ukanda wa asili.

Hapana budi nieleze hesabu yenyewe, nami nitaieleza kama nilivyoelezwa, maana mimi si fundi.

Picha inayokwenda ni picha nyingi za mnato zinazofuatana upesi. Kila moja mafundi huiita fremu. Tangu filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema imeshika fremu 24 kwa kila sekunde. Televisheni haikuifuata sinema, ilifuata umeme. Marekani na Kanada umeme wao una mapigo 60 kwa sekunde, basi televisheni yao ikajengwa juu ya 60, kwa mtindo uitwao NTSC. Kwetu Kenya mapigo ni 50, kama Uingereza na kama Omani, na mtindo wetu ukawa PAL, ambao msingi wake ni 50. Kwa hiyo ukanda uliorekodiwa Toronto na ukanda uliorekodiwa Mombasa, hata vikiwa vya umbo moja na vimetoka katika sanduku moja, havisemi lugha moja.

Lakini hizo 60 au 50 si fremu nzima. Kila moja ni nusu. Mwenye kujua kusuka mkeka atanielewa haraka: kamera ya vidio haichori picha yote kwa mara moja, bali huanza na mistari isiyo na jozi, wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha hurudi kuijaza ile iliyorukwa, kama ukili mmoja unaoingia baina ya kili nyingine. Katika ukanda wa ile kamera ya Toronto fremu nzima ina mistari 1080, kwa hiyo kila nusu ina mistari 540. Nusu mbili zikikutana ni picha moja.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kamera imechukua picha 24 nzima katika sekunde moja, lakini ukanda wake unakubali nusu 60 tu, si pungufu. Ishirini na nne mara mbili ni arubaini na nane. Zinabaki nafasi kumi na mbili, zijazwe na nini? Wamarekani walilitatua jambo hili zamani, walipohitaji kuonyesha sinema katika televisheni. Chukua picha nne za filamu, nasi tuziite Alifu, Bee, Tee na Thee kama chuoni. Alifu hupewa nusu mbili. Bee hupewa nusu tatu. Tee mbili. Thee tatu. Jumla ni nusu kumi, nazo kumi ni fremu tano za vidio. Picha nne zimekuwa tano, na kwa hesabu hiyo 24 huwa 30.

Sasa zitazame hizo tano zilivyokaa. Ya kwanza ni Alifu tupu. Ya pili ni Bee tupu. Ya tatu ina nusu ya Bee na nusu ya Tee. Ya nne ina nusu ya Tee na nusu ya Thee. Ya tano ni Thee tupu. Tatu ni safi na mbili ni mchanganyiko, na huyu maskini Tee hana chumba chake mwenyewe. Nusu yake inalala kwa Bee na nusu inalala kwa Thee. Mtu akisimamisha ukanda juu ya fremu ya tatu au ya nne, huona kila kilichokuwa kikienda kina meno ya chanuo pembeni, kwa kuwa mistari ya wakati mmoja imeingiliana na mistari ya wakati mwingine.

Fundi wa duka letu alizikuta fremu hizo tano akataka kuzitia katika DVD ya PAL, ambayo huenda kwa 25. Sidhani alikusudia ubaya. Programu yake ilimwuliza swali moja, naye akachagua jibu lililo juu. Mtambo ukazichanganya fremu za jirani kama anayechanganya chai na maziwa, ili kutoka 30 upate 25. Alifu akatiwa ndani ya Bee, Bee ndani ya Tee, na mkono wa mama ukawa miwili. Isitoshe, ili kuyaficha yale meno ya chanuo, nusu moja ikatupwa na mistari 540 ikanyooshwa ijaze nafasi ya 1080, kabla ya yote kupunguzwa tena. Yale maua membamba ya piko, ambayo ndiyo fahari ya mpambaji, yakawa madoa.

Dawa yake ni ya kishonaji: fumua. Usikate nguo juu ya mshono wa mtu mwingine. Fumua kwanza, kila kipande kilale peke yake, ndipo ushike mkasi. Kufumua ukanda ni kumwacha Alifu, kumwacha Bee, kisha kuichukua ile nusu ya Tee iliyolala katika fremu ya tatu ukaioanisha na nusu yake iliyolala katika fremu ya nne, na mwisho kumwacha Thee. Nusu zilizorudiwa zinatupwa, wala hakuna kinachopotea, kwa sababu zilikuwa nakala tu. Tano zinarudi kuwa nne, mistari yote 1080 imo, na hakuna hata fremu moja iliyobuniwa na mtambo. Ni picha zile zile zilizopita katika kioo cha kamera usiku ule.

Nami nilipoelezwa niliuliza: je, sauti haitaachwa nyuma? La. Sekunde inabaki sekunde. Kilichoondolewa ni nakala, si wakati, na arusi ya saa moja inabaki saa moja. Ila pana mtego mmoja ambao nautaja kwa sababu umewanasa wengi. Wamarekani walipoingiza rangi katika televisheni mwaka 1953 walilazimika kupunguza mwendo kidogo sana, sehemu moja katika elfu hivi. Kwa hiyo 30 yao kwa hakika ni 29.97, na 24 inayofumuliwa humo ni 23.976. Anayeiambia kompyuta kuwa ni 24 kamili, huku sauti ameiacha kama ilivyo, atakuta mwisho wa saa moja sauti na picha zimeachana kwa sekunde tatu na nusu na zaidi. Bibi anapiga kigelegele na mdomo umefumba.

Kwa nini nasisitiza kwamba kufumua kuje kabla ya kukata? Kwa sababu mpangilio ule wa mbili na tatu huenda kwa zamu, na mtambo unaofumua huitegemea zamu hiyo. Ukanda ukikatwa kwanza, huyu fundi hapunguzi mahali pa Alifu. Anakata popote, pengine katikati ya Bee na Tee, akamwunga na Thee wa dakika kumi baadaye. Zamu imevunjika. Hapo nusu ya Tee humtafuta mwenzake asimwone, maana amekwisha kutupwa sakafuni. Filamu iliyokatwa mara mia tatu ina mivunjo mia tatu. Ndiyo sababu DVD yetu haikuweza kuokolewa. Ilibidi turudi kwenye kanda. Hata ndani ya ukanda ambao haujakatwa, kila mara mchukuaji alipokomesha kurekodi na kuanza tena, zamu hailazimiki kuendelea pale ilipokomea. Kwa hiyo kila kipande kifumuliwe peke yake.

Na kanda tulikuwa nazo. Hilo ndilo lililotuokoa. Zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya leso za mama, nami nusura nizitupe nilipohamisha chumba. Naomba neno hili likae masikioni: DVD si ukanda, na faili uliyopewa na duka si ukanda. Usikubali duka libaki na ukanda wako wa asili.

Kaka yangu alimtuma bintiye tena, sasa ni mama wa watoto wawili, akaja na ile kamera yake ya zamani iliyokuwa bado yafanya kazi, na kompyuta kongwe yenye tundu la waya wa FireWire, kwa sababu kompyuta mpya hazina tundu hilo. Waya huo hauchukui picha ya picha. Unanakili zile hesabu zilizo katika ukanda kama zilivyo. Ukanda wa saa moja ukawa faili ya takriban gigabaiti 12. Kisha akatumia programu ya bure iitwayo FFmpeg, ambayo ina vichujio viwili vinavyofanya kazi kwa zamu: kimoja, fieldmatch, humtafutia kila nusu mwenzake, na cha pili, decimate, katika kila fremu tano huitupa iliyorudiwa. Faili iliyotoka aliiweka katika mtindo ambao haubani sana picha, nayo ikawa kubwa mara nne na zaidi kuliko ya kwanza. Nilimwuliza kwa nini upoteze nafasi yote hiyo. Akasema, "Shangazi, tumetoa madoa, tusitie mengine."

Mwenye kutaka kujua kama ukanda wake ni wa namna hii asimwulize mtu, auone mwenyewe. Atafute mahali ambapo kitu kinakwenda upesi, mtu apunge mkono au gari lipite, kisha asogeze fremu moja moja. Akiona tatu safi na mbili zenye meno, tatu safi na mbili zenye meno, huo ndio, na ufumuliwe. Baadhi ya kamera, kama Panasonic AG-DVX100 ya mwaka 2002 ambayo ndiyo iliyowafungulia wengi mlango huu, zilikuwa na mpangilio wa pili uliokusudiwa kwa wahariri: nne safi na moja tu yenye meno, nayo hiyo moja hutupwa ikawa basi. Lakini tahadhari: programu nyingi za kuonyeshea vidio huyaficha meno hayo zenyewe, zikakudanganya kuwa yote ni safi. Zima kificho hicho kwanza.

Na akiona fremu zote zina meno, bila zamu? Hapo ninataka kusema neno litakalowaudhi wafanya biashara. Ukanda huo hauna cha kufumuliwa. Ulirekodiwa kwa nusu 50 au 60, kila nusu ikiwa na wakati wake, wala hapakuwa na picha 24 nzima tangu mwanzo. Kanda nyingi za arusi zetu za miaka ya 1980 na 1990 ni hivyo. Anayekuahidi kuwa atakupa "filamu ya kweli" kutoka humo anakuuzia picha ambazo mtambo umezibuni kwa kukisia mkono ulikuwa wapi baina ya nusu na nusu. Siku hizi mitambo hukisia kwa ustadi mkubwa, nakubali. Hata hivyo kukisia ni kukisia, na mimi simtaki mama aliyekisiwa. Ukanda kama huo uachwe katika mwendo wake: nusu ziwe fremu 50 kwa sekunde, au 25, na utapendeza.

Wala tusizidharau kamera zetu za PAL. Nimewasikia vijana wakizicheka kuwa hazikuwa na hiyo 24. Naam, ile HV20 iliyouzwa katika nchi za PAL ilikuwa na 25 badala yake, na 25 hukaa ndani ya 50 bila mchanganyiko wowote, nusu mbili kwa kila picha, hakuna wa kulala chumbani kwa mwenziwe. Kabla ya mwaka 2002 watengenezaji filamu wenye pato dogo, hata Marekani kwenyewe, walikuwa wakizitafuta kamera za PAL makusudi, kwa kuwa kutoka 25 kwenda 24 ni hatua moja tu: unapunguza mwendo kwa asilimia 4. Filamu ya Festen ya Thomas Vinterberg wa Denmark, mwaka 1998, ilichukuliwa kwa kamera ndogo ya Sony ya PAL, ya kushikwa kiganjani, na Danny Boyle wa Uingereza alitumia Canon XL1 za PAL kwa filamu yake 28 Days Later ya mwaka 2002. Sizitaji kwa kuwa zafaa kutazamwa na watoto, hazifai. Nazitaja ili tujue kuwa kilichokuwa kabatini kwa ami zetu kilikuwa chombo.

Asilimia 4 hiyo, hata hivyo, si bure. Saa moja huwa dakika 62 na nusu, na sauti hushuka kidogo isiporekebishwa. Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe. Nikahi ya bintiyangu ilifungwa msikitini, na upande wa wanaume ulirekodiwa na shemeji yangu kwa kamera ya PAL ya hapa hapa. Upande wa wanawake, usiku, ni wa Toronto, 24. Binti alitaka kuviunga viwe filamu moja. Ukipunguza mwendo wa upande wa msikitini, khutba ya nikahi na ile Fatiha zitavutwa zaidi ya alivyosoma msomaji, na hapo shemeji yangu alisimama kidete akakataa; alisema kisomo kina kadiri zake na si za kuchezewa na kompyuta. Ukiuharakisha upande wa wanawake, mama atakuwa anachora kwa mbio ambazo hakuwa nazo. Tulibishana jioni nzima kwa kahawa na halua. Mwisho tukakubaliana ziwe filamu mbili, ya wanaume kwa 25 na ya wanawake kwa 24, kila mmoja na mlango wake, kama ilivyokuwa siku yenyewe.

Hilo lanifikisha penye jambo zito zaidi kuliko hesabu. Ukanda wa usiku wa hina ni wa wanawake. Mle mna wake za watu bila buibui, mna wasichana wanacheza, mna maarusi mwenyewe. Mwaka 2008 niliupeleka dukani kwa ahadi kwamba atakayeutazama ni mwanamke. Ahadi nilipewa. Baadaye nikaambiwa na jirani kuwa mle dukani hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Sijui macho mangapi yalipita juu ya nyuso zile, na waliokuwamo hawakuniruhusu mimi niwaruhusie. Kosa hilo nalibeba mwenyewe, wala simtupii mtu.

Lakini ukitazama yote niliyoyaeleza, kuna nini ndani yake ambacho msichana aliyesoma hadi kidato cha nne hawezi kujifunza kwa mwezi mmoja? Kuna kuhesabu mbili na tatu, kuna subira, na kuna jicho la kutambua safi na chenye meno, ambalo kila aliyekaa chini ya mwanamke wa kusuka mikeka analo. Kompyuta zipo katika nyumba nyingi. Programu ni ya bure. Vyama vyetu vya kina mama, ambavyo huweza kukodi hema, viti elfu na bendi ya tarabu kwa siku tatu, vingeweza kununua kamera moja kongwe ya kuchezeshea kanda, ya NTSC na ya PAL, na kuwafundisha mabinti wawili au watatu wa mtaa. Kanda za wanawake zikafumuliwa na wanawake, nyumbani, mlango umefungwa. Nimelisema hili katika mkutano mmoja, nikajibiwa kuwa fedha hazipo. Wiki iliyofuata tukachangia sare.

Na wafanye hima, kwa kuwa adui ni hewa yetu. Huku pwani kuna joto na chumvi na unyevu, na ukanda ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa chuma. Ukiuona una vumbi jeupe usiuingize katika kamera. Utaziba vichwa vya kusomea, na kamera hizi hazitengenezwi tena. Usiuweke juu ya jokofu wala karibu na spika. Msiukopeshe.

Siku ya kwanza tulipouona ukanda uliofumuliwa tulikuwa watu wanne, wote wanawake, chumbani kwangu. Binti alisimamisha picha juu ya mkono wa mama akaisogeza fremu moja moja, akihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hapakuwa na moshi. Mkono ulikuwa mmoja. Niliona jambo ambalo hata siku yenyewe, nikiwa nimesimama hatua mbili tu, sikuliona: kila alipomaliza jani moja la ua, mama alikuwa akiinua kidole kidogo na kuupuliza wino mara moja, kwa pumzi fupi, kabla ya kuanza jingine. Bintiyangu akasema alikuwa akiisikia ile pumzi juu ya ngozi yake, lakini alidhani ni upepo wa dirishani.

Kanda mbili zimekwisha. Wa tatu una mahali ambapo picha inaruka, karibu na mwisho, wakati wa kumtoa maarusi, na binti anasema vichwa vya kamera vyataka kusafishwa kabla hajathubutu kuugusa. Tutauanza baada ya Idi, inshallah.